Somo: Dhansak ya Waparsi, mbuzi, adesi na boga kwenye sufuria moja

Wapenzi wa jikoni, habari za Jumapili. Mchuzi huu nilifunzwa na mama mmoja wa Kiparsi aliyekuwa jirani yangu Unguja, nami nautoa kama alivyonipa.

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zarathustra. Wahenga wao walihama Iran zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakatia nanga pwani ya Gujarat, magharibi mwa India. Mapishi ya Iran tangu zamani huchanganya nyama na mboga na jamii ya kunde. India wakakuta viungo na dal (kunde zilizoparazwa) za kila namna. Jina lenyewe, dhansak, ni la Kigujarati: dhan ni nafaka, sak ni mboga. Ila boga, viazi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni Amerika, vikafika India baada ya Wareno kuingia mwaka 1498, kwa hiyo sufuria ya wahenga wale haikuwa navyo. Baadaye baadhi ya Waparsi wakavuka bahari hadi kwetu. Wazazi wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, walikuwa miongoni mwao.

Kuna jambo moja ambalo jirani yangu alilisema kabla hata hajawasha jiko. Kwao nyumba ikifiwa, hawali nyama siku tatu. Siku ya nne hupikwa dhansak, na hiyo ndiyo nyama ya kwanza kuingia kinywani. Siku nyingine ni chakula cha Jumapili, watu wanakula wakashiba wakalala.

Mahitaji

Nyama ya mbuzi ya mifupa kilo 1. Mbaazi zilizoparazwa kikombe 1, na robo kikombe kwa kila moja: adesi nyekundu, choroko zilizoparazwa na dengu zilizoparazwa. Boga kipande cha gramu 250, biringanya 1, kiazi 1, vitunguu 3, nyanya 2, majani ya uwatu konzi moja. Ukwaju, sukari guru, samli, chumvi, bizari ya manjano.

Viungo vya kusaga: giligilani vijiko 2 vikubwa, bizari nyembamba kijiko 1, pilipili kavu 5, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu, uwatu nusu kijiko cha chai, thomu na tangawizi.

Hatua

1. Osha dal zote (mbaazi, adesi, choroko na dengu) mpaka maji yatoke meupe, loweka saa 1.

2. Kaanga viungo vikavu bila mafuta, moto mdogo. Giligilani zikianza kubadilika rangi na harufu ikakufikia mlangoni, epua hapo hapo. Uwatu ukiungua, mchuzi mzima unakuwa mchungu. Saga pamoja na thomu na tangawizi.

3. Chemsha dal, boga, biringanya, kiazi, majani ya uwatu, kitunguu kimoja na bizari ya manjano mpaka vyote vilainike kabisa. Wakati huo mbuzi achemke kwenye sufuria yake na chumvi.

4. Ponda dal na mboga. Hapa msifanye haraka. Jirani yangu alipitisha kwenye chujio, akisukuma kwa mgongo wa upawa, akabakiwa na maganda tu. Blenda inafaa, lakini isizunguke sana ikawa uji wa mtoto. Ukiinua upawa, rojo idondoke taratibu kama asali.

5. Kaanga vitunguu viwili kwa samli hadi viwe rangi ya kahawia, tia viungo ulivyosaga, kisha nyanya. Samli ikijitenga pembeni, tia nyama na supu yake, halafu rojo.

6. Tia ukwaju na sukari guru kidogo kidogo huku ukionja. Utamu, ukali na uchachu visikilizane, kisishinde kimoja. Acha kwa moto mdogo dakika 30.

Wali wake ni wa kahawia: unguza sukari kijiko kimoja kwenye samli, tia kitunguu, mdalasini na karafuu, kisha mchele na maji. Pembeni weka kachumbari. Hata jina hilo tumelipata India.

Maswali ya wanachama

*Dada, nilikula dhansak Uingereza ikiwa na nanasi. Mbona hujalitaja?*
Hayo ni mapishi ya mikahawa ya huko, mpenzi. Nyumba ya Kiparsi haitii nanasi. Utamu unatoka kwenye boga na sukari guru.

*Nina harusi ya mdogo wangu, naweza kuwapikia wageni?*
Kama wageni ni Waparsi, usiwapikie, utawakumbusha msiba. Siku ya furaha wao hupika dhan dar, wali mweupe na dal ya manjano, pamoja na patio, mchuzi mzito wa samaki.

*Mimi sili nyama, itakuwa na ladha?*
Itakuwa nayo. Ongeza boga na biringanya, na usipunguze viungo.

*Shoga, yangu imeshika chini, nifanyeje?*
Usiikwangue! Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, ongeza maji ya moto na ukwaju kidogo. Safari ijayo, rojo ikishaingia koroga kila baada ya dakika chache, mwiko uguse chini.