Kabla ya kuimarisha maungio ya bodi na sitaha kwenye mashua kuukuu ya faibaglasi

Mashua nyingi za tanga za faibaglasi zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970 zina bodi (kiwiliwili cha chombo) imara kuliko maungio yake. Bodi ilitolewa kwenye kalibu moja, sitaha kwenye nyingine, kisha vikafungwa pembeni mwote kwa skuru au bolti na gundi ya kuzuia maji. Miaka 50 baadaye gundi imekauka na kukatika, matundu ya bolti yamelegea, na chombo kikipiga bisho (kwenda mshazari dhidi ya upepo) wakati wa kusi vipande hivyo viwili vinasuguana. Tiba inayodumu ni kupaka epoksi (gundi inayogandishwa na dawa iitwayo hadena) na vitambaa vya faibaglasi kwa ndani hadi bodi na sitaha viwe kitu kimoja. Silikoni ya nje haiongezi nguvu yoyote, na mabaki yake huzuia gundi nyingine isishike. Ninaomba mtu yeyote asiipake hapo.

Anza kwa kuujua muundo wa maungio yako. Bodi nyingine zina ukingo uliokunjwa kwa ndani na sitaha imelala juu yake. Hizo ndizo rahisi, maana kona inafikika. Kwa nyingine, sitaha imeivalia bodi kama kifuniko cha boksi. Kuna pia zile ambazo kingo zote mbili zimetokeza nje na kufunikwa na mpira, na hizo huumia kila chombo kinapogonga gati. Fungua ubao mmoja wa dari na rafu moja, umulike kwa tochi, kabla hujanunua chochote. Angalia pia omo, yaani mbele ya chombo, kwenye chumba cha mnyororo, na nyuma ya kuta za ndani, kwa sababu huko ndiko mkono usikofika na ndiko watu hukata tamaa kazi ikiwa nusu.

Alama za maji ndani zisikudanganye: maji huweza kuingilia omo yakatokea nyuma, karibu na shetri. Ziba madirisha na matundu ya hewa kwa utepe, puliza hewa ndani ya chumba kwa kipulizio, na mwenzako apake maji ya sabuni pembeni kwa nje. Panapotoka povu ndipo panapovuja. Patie alama ya kalamu.

Kisha chomoa bolti mbili tatu, hasa karibu na vyuma vinavyofungiwa waya za mlingoti. Chuma cha pua kikikaa kwenye unyevu usio na hewa huliwa taratibu shingoni huku kichwa kikiendelea kung'aa. Ukikuta zimeliwa, panga kubadilisha zote kwa chuma cha pua cha daraja la 316. Kwa mashua ya futi 28 au 30, bolti za milimita 6 kila baada ya sentimita 10 hadi 15, pamoja na washa pana, zinatosha. Tundu likitoa unga wa mbao iliyooza, mbao iliyo katikati ya sitaha imelowa, na hilo litibiwe kwanza.

Kuhusu majira, kwenye pwani ya Kilifi, Tanga au Dar es Salaam ningechagua Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zimekata. Wakati wa masika, acha. Unyevu mwingi huifanya epoksi inayokauka itoe utando unaoteleza kama nta. Usipooshwa kwa maji na kusuguliwa, tabaka linalofuata halishiki. Kuegemeza mashua ufukweni kwa bamvua (maji makuu) kunafaa kukwangua na kupaka rangi chini, lakini kazi hii haiishi kati ya maji mawili. Chombo kikae nchi kavu, uzito wote kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), na nguzo za pembeni ziguse bodi pale penye kuta za ndani. Nguzo ikisukuma bodi mahali pasipo na ukuta, utagandisha kombo.

Sasa vifaa, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Mafundi wengi wa pwani wamezoea poliesta, gundi nyingine ya faibaglasi, ambayo ukizidisha dawa kidogo inawahi kukauka. Epoksi haikubali hivyo. Kipimo chake ni kile kilichoandikwa na kiwanda, na ukizidisha hadena unabaki na kitu laini kisichokomaa kamwe. Ukitaka muda wa kutosha kwenye joto la nyuzi 30, nunua hadena ya taratibu, changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana, kwa sababu ikirundikana koponi huchemka na kufuka moshi. Ule mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwakatwa uache dukani. Gundi inayoushikilia, mara nyingi, huyeyushwa na staireni iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina staireni. Tafuta kitambaa kilichoshonwa chenye nyuzi zinazokatiza kwa pembe ya digrii 45, ukikate vipande vya upana wa sentimita 10, 15 na 20. Weka na unga wa kukoleza epoksi ya kujazia kona, maana kitambaa hakilali kwenye kona kali.

Kabla ya kazi yenyewe, fanya jaribio. Futa sehemu ndogo kwa asetoni, piga msasa hadi uone nyuzi safi, bandika kipande, na kesho yake king'oe kwa patasi. Kikitoka na nyuzi za bodi, maandalizi yako ni sahihi. Kikibanduka kikavu, rudia usafi.

Vumbi la grenda ndani ya chumba kidogo ni hatari kwa mapafu: barakoa ya chujio, miwani, mikono mirefu, na feni ya kutoa hewa nje. Epoksi mbichi isiguse ngozi, kwani mzio wake ukishakupata hauondoki.

Siku ya kuanza, legeza waya za mlingoti ili maungio yasivutwe, na usifungue bolti zote kwa pamoja. Nenda mita moja moja, upande huu kisha ule, ukifunga kila sehemu kabla ya kuigusa inayofuata.