Mtandao Huu Unaifaa Biashara Yako ya Mtaani? Upime Kabla Hujaupa Muda Wako

Wenye biashara wengi wanaonijia kwa ushauri wa masoko huanza na swali moja: siku hizi watu wamejaa mtandao gani, nami niende huko? Swali hilo linamfaa anayeuza kitu kinachoweza kusafirishwa popote. Kwako wewe ambaye mteja lazima afike mlangoni, au ambaye lazima ubebe vifaa umfuate alipo, wingi wa watu duniani hausaidii kitu. Mtandao wenye watumiaji zaidi ya bilioni moja unaweza kuwa na mia mbili tu wanaoweza kununua kwako, na ule usiosifiwa na mtu ukawa na elfu nne.

Kwa hiyo tutapima kwa umbali kwanza, halafu kwa tabia ya watu, na umaarufu tutauacha kando. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu kila moja inatumia majibu ya iliyotangulia.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa soko lako

Fungua ramani, weka nukta pale biashara ilipo, kisha jiulize mteja wako wa kawaida hutoka umbali gani. Usikisie. Pitia daftari la oda, risiti au namba zilizokupigia miezi michache iliyopita. Kinyozi atagundua kwamba karibu wateja wake wote wanatoka kilomita chache. Mpiga picha za harusi huitwa mbali zaidi, kwa sababu kazi yake hufanyika mara moja na watu wako radhi kumgharamia usafiri.

Ukishapata jibu, liandike kwa sentensi moja: watu wa umri gani, ndani ya kilomita ngapi, wanaonunua mara ngapi. Sentensi hiyo ndiyo rula yako. Mtu asiyeingia ndani yake, hata akikufuata na kukupa laiki kila siku, si mteja wako, na usimhesabu.

Hatua ya 2: Waulize wateja ulio nao

Watu wengi hukosea namna ya kuuliza. Ukimwuliza mteja "uko Instagram?" atakujibu ndiyo, ingawa hajaifungua tangu alipobadilisha simu. Mwulize alichokifanya: "Mara ya mwisho ulipohitaji mtu wa kazi kama hii, ulianza kutafuta wapi?" Kisha: "Na sisi ulitujuaje?"

Andika majibu kwa maneno yao wenyewe. Wateja ishirini au thelathini wanatosha kukuonyesha mwelekeo. Mara nyingi utasikia "nilimwuliza rafiki" au "niliona mtu amekutaja kwenye kundi". Usiyapite majibu hayo ukidhani hayahusiani na mitandao. Yanakuambia kwamba mapendekezo yanatembea ndani ya makundi ya WhatsApp na Facebook, na kwamba kazi yako itakuwa kuwapa watu kitu rahisi cha kumtumia mwenzao: picha moja safi, jina, namba, eneo.

Hatua ya 3: Hesabu watu walio ndani ya mpaka wako

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote, na ni wachache wanaopatumia. Kifaa cha matangazo cha Facebook na Instagram, Meta Ads Manager, hukuonyesha makadirio ya watu unaoweza kuwafikia kabla hujalipa chochote. Anza kutengeneza tangazo kana kwamba unataka kulirusha. Ukifika sehemu ya walengwa, futa nchi iliyowekwa, dondosha pini kwenye ramani mahali biashara ilipo, kisha chagua umbali. Kwa kawaida unaweza kuchagua kuanzia kilomita moja hivi mpaka 80, isipokuwa matangazo ya nyumba, ajira na mikopo, ambayo katika baadhi ya nchi yana masharti yake. Weka umri kulingana na sentensi yako ya hatua ya kwanza. Soma makadirio, yaandike, halafu ondoka bila kuchapisha.

Rudia zoezi hilo ukitenganisha Facebook na Instagram katika sehemu ya kuchagua mahali tangazo litakapoonekana. Mara nyingi utaona tofauti kubwa kati ya hiyo miwili kwa umri uleule na eneo lilelile. Hayo ni makadirio, na mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti zaidi ya moja, kwa hiyo yatumie kulinganisha, usiyachukue kama sensa.

Kisha ingia kwenye Meta Ad Library, maktaba ya wazi ya matangazo ya kampuni hiyo, utafute majina ya biashara zinazofanana na yako katika eneo lako. Tangazo lililoanza miezi mingi iliyopita na bado linaendelea kulipiwa ni dalili nzuri kwamba mwenye nalo anapata kitu.

Kwenye TikTok na Instagram, tafuta jina la eneo lako pamoja na aina ya kazi yako, kisha nenda moja kwa moja kwenye maoni. Idadi ya waliotazama haitakuambia wanatoka wapi. Maoni yatakuambia. Ukiona watu wanauliza "mko upande gani?", "mnafunga saa ngapi?", "mnafika mpaka huku?", hapo kuna soko la karibu. Ukiona sifa tupu na vikaragosi kutoka kwa watu wa kila pembe, hiyo ni hadhira ya burudani.

Hatua ya 4: Tazama watu wamekuja kufanya nini pale

Mtu yuleyule ana nia tofauti anapofungua programu tofauti. Anza kwa kujiuliza kama huduma yako ni ya dharura au ya kutamanisha. Bomba likipasuka usiku, hakuna anayeperuzi video fupi akisubiri fundi ajitokeze. Anaandika kwenye Google au anampigia jirani. Kama biashara yako ni ya namna hiyo, wasifu wako kwenye Google Business Profile, ambao ni bure na huonekana kwenye ramani, unatangulia mtandao wowote wa kijamii. Ujaze saa za kazi, picha na namba, uwaombe wateja walioridhika waandike tathmini, halafu ndipo uendelee na hatua hizi.

Huduma ya kutamanisha, kama kusuka nywele, kupamba kumbi au kushona nguo, ina bahati ya kuonekana. Mtu hakuwa na mpango, akaona, akataka. Instagram na TikTok zinajengwa juu ya hali hiyo. Lakini zijue zinavyofanya kazi. Mwaka 2020 TikTok walieleza hadharani kwamba mapendekezo ya video hutegemea mambo matatu: jinsi mtumiaji anavyoitikia video, taarifa za video yenyewe kama maelezo na sauti, na mipangilio ya simu na akaunti kama lugha na nchi. Walisema pia kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. Kwa anayeanza hiyo ni habari njema, kwa sababu akaunti mpya inaweza kuonekana na wengi. Kwa mwenye biashara ya mtaani kuna tahadhari ndani yake: nchi nzima si zile kilomita chache za soko lako. Ukitaka video ikae karibu na nyumbani, litaje eneo lako kwa sauti, liandike juu ya picha na kwenye maelezo, na uonyeshe mahali wenyeji wanapopatambua.

Facebook ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kurasa za biashara zimekuwa zikipoteza nguvu ya kuwafikia watu bila malipo kwa miaka mingi, na mwezi Januari 2018 kampuni ilitangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatapewa kipaumbele juu ya yale ya biashara na vyombo vya habari. Makundi ya maeneo ni habari nyingine kabisa. Huko watu huuliza waziwazi nani afanye nini, na jibu la kweli kutoka kwa mtu anayejulikana kundini lina uzito kuliko machapisho mengi ya ukurasa. Ukisikia mtu anasema "Facebook imekufa", mwulize anazungumzia ukurasa au kundi.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haikutafutii mgeni. Inamtunza anayekujua tayari. Ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kupanga wateja, na orodha moja ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja (broadcast) hubeba hadi watu 256, ila ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo biashara inayoishi kwa wateja wanaorudi itaifaidi sana, na inayotegemea mteja anayenunua mara moja katika maisha haitaifaidi hivyo.

YouTube inafaa kama kazi yako huzua maswali ambayo watu huyatafuta, kwa sababu video ya zamani huendelea kupatikana. LinkedIn iweke kwenye hesabu kama wateja wako ni kampuni au ofisi. X, iliyoitwa Twitter zamani, ni mahali pa habari na mjadala, na biashara chache za mtaani hupata mteja pale.

Hatua ya 5: Pima nguvu zako

Kila mtandao unadai malighafi yake. Je, kazi yako inaonekana kwenye picha? Kuna mtu hapo kazini anayeweza kushika simu na kuzungumza bila kulazimishwa? Je, wateja wako wako radhi kuonekana? Katika huduma za afya, sheria au ushauri wa familia jibu mara nyingi ni hapana, na linapaswa kuheshimiwa.

Jambo dogo linalowashtua wengi: akaunti ya biashara ya TikTok hairuhusiwi kutumia kila wimbo unaovuma. Inapewa maktaba ya muziki ulioruhusiwa kibiashara. Kama mpango wako wote ulikuwa kupanda juu ya nyimbo zinazovuma, upange upya kabla hujaanza.

Hatua ya 6: Pita njia ya mteja wewe mwenyewe

Chukua simu ya mtu mwingine, fungua mtandao huo, jifanye mgeni. Kutoka kuona chapisho mpaka kuongea na wewe kuna hatua ngapi? Kiungo cha wa.me chenye namba yako kinamfikisha mtu moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na unaweza kukiwekea ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano "Nimetoka Instagram, naomba bei". Ujumbe huo wa kwanza utakuambia alikotoka bila wewe kuuliza. Tengeneza kiungo tofauti kwa kila mtandao.

Hatua ya 7: Fanya jaribio lenye mwisho

Chagua mtandao mmoja, au miwili ikiwa una msaidizi. Jipe wiki sita hadi nane. Kabla ya siku ya kwanza, andika kipimo kimoja na kiwango kitakachokufanya uendelee au uache. Wafuasi wasiwe kipimo. Chagua maulizo kutoka ndani ya mpaka wako, au mauzo.

Andika pia saa unazotumia, maana wengi husema mtandao ni bure kwa kuwa hawahesabu muda wao. Tuseme unatumia saa 5 kwa wiki kwa wiki 6: hizo ni saa 30. Ukipata wateja 6 wapya, kila mmoja amekugharimu saa 5. Linganisha na faida anayoacha mteja mmoja, ukikumbuka kama atarudi. Kwa fundi wa samani, saa 5 kwa oda moja kubwa huenda ni biashara nzuri. Kwa anayekata nywele, ni hasara, mpaka mteja huyo awe wa kudumu.

Katikati ya jaribio, fungua takwimu za akaunti. Akaunti ya kibiashara ya Instagram huonyesha miji wanakotoka wafuasi wako. Kama mji wako hauko juu ya orodha, badilisha maudhui mara moja: taja eneo zaidi, punguza yale ya kuchekesha watu wote. Usisubiri wiki ya mwisho ndipo uone.

Usinunue wafuasi. Wanakuja kutoka popote, hawanunui, na wanaharibu takwimu unazozihitaji kuamua.

Hatua ya 8: Amua, na usiweke kila kitu sehemu moja

Kiwango kikifikiwa, endelea na ongeza polepole. Kisipofikiwa, angalia kwanza kama kosa lilikuwa kwenye njia ya mteja, kwa mfano ujumbe uliojibiwa kesho yake. Rekebisha hilo, jaribu tena kwa muda mfupi. Kikishindikana tena, acha bila kuona haya.

Hata mtandao unaokulipa si mali yako. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa Januari 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ulifungwa kwa watu binafsi Aprili 2019. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa sita hivi, na waliokuwa wanapokea oda huko tu walikaa bila njia. Kila mteja anayetoka mtandaoni, andika jina na namba yake, kwa ridhaa yake, mahali unapopamiliki wewe: daftari au faili yenye nakala.

Na ukiamua kuondoka kwenye mtandao, usifute akaunti. Jina lako likiachwa wazi, mtu mwingine anaweza kulichukua na kuwatapeli wateja wako. Badilisha nenosiri liwe gumu, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha bandika juu chapisho moja linalosema unapatikana wapi, kwa namba gani na saa zipi. Mara moja kwa mwezi ingia uangalie inboksi, maana kuna mteja ambaye atakuandikia hapohapo bila kusoma tangazo lako.