Historia ya kwaya ya mtaa: okoa kanda kwanza, miaka baadaye

Ukipewa kazi ya kuandika historia ya kwaya, usianze na kalamu. Daftari la mahudhurio linaweza kungoja mwezi mwingine. Kanda ya kaseti iliyolala miaka thelathini kabatini, kwa unyevu huu wa Mombasa, haingoji.

Ichungulie kwenye kidirisha. Madoa meupe juu ya utepe ni ukungu: usiicheze, maana unga wake utachafua hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe) na kuhamia kanda nyingine. Itie kwenye mfuko wake peke yake, umpelekee fundi. Isiyo na ukungu ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ili utepe uliogandana uachane, ndipo uicheze. Kabla ya hapo vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi. Sauti ikiwa hafifu, tazama kisponji kilicho mdomoni mwa kanda. Gundi yake hukauka kwa joto, kikadondoka, utepe ukawa hausukumwi kwenye hedi. Hamishia kingine kutoka kanda isiyo na kazi. Kanda za dakika 120 utepe wake ni mwembamba na hunasa ovyo, kwa hiyo zicheze mara moja tu, kompyuta ikiwa tayari inarekodi.

Programu ya Audacity inatosha. Hifadhi kwa WAV, 44.1 kHz, saa moja ya stereo hula takriban MB 600. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu tu.

Kuna mtego hapa. Redio iliyorekodi kwa betri zilizochoka ilizunguka polepole, kwa hiyo leo kwaya itasikika ina haraka na besi wanaimba kama vijana wa sekondari. Tafuta karatasi ya solfa (noti za do-re-mi) ya wimbo huo. Ikiwa juu imeandikwa "Doh ni G" na kwaya iliimba na kinanda, bonyeza G kwenye kinanda chako, kisha punguza kasi ya rekodi mpaka Doh ya kwaya ilingane nayo. Kama kwaya iliimba bila kinanda, usikisie. Waliimba Doh aliyoianzisha mwalimu siku hiyo.

Sasa miaka. Mwaka wa kuanzishwa ndio utakaoleta ugomvi, na mara nyingi kila mtu ana haki: mmoja anahesabu tangu walipoanza kuimba pamoja, mwingine tangu kwaya ilipopewa jina, wa tatu tangu sare ya kwanza. Andika yote mitatu, ukitaja kila mmoja ni wa nini.

Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa wowote ili akuridhishe. Muulize, "Mama, ilikuwa kabla ya feri ya Mtongwe kuzama?" Hiyo ni Aprili 1994. Vita vya Likoni ni Agosti 1997. Kwa wakongwe, uliza kama walivuka kwenda Nyali kwa daraja la kuelea. Daraja jipya lilifunguliwa 1980. Aliyeimba VoK, yaani redio ya taifa Voice of Kenya, aliimba kati ya 1964 na 1989, kabla haijawa KBC. Picha yenye Pembe za Moi Avenue haiwezi kuwa ya kabla ya 1952. Ukibaki na shaka, andika "kati ya 1980 na 1982", usichague katikati.

Wahoji waimbaji kwa makundi ya sauti: besi pamoja, alto pamoja. Watasahihishana. Mwalimu wa kwaya mhoji peke yake, maana akiwepo wote huitikia anachosema.

Majina ya wanawake yanataka subira. Daftarini mwimbaji yupo kwa jina la ubatizo na la baba. Mtaani ni Mama Baraka. Andika yote mawili kwenye mstari mmoja, la sivyo utahesabu waimbaji wawili.

Kabla ya kuchapisha, soma orodha ya majina kwa sauti baada ya mazoezi, marehemu wakiwemo. Anayesahaulika zaidi ni mpiga kayamba.