Usiandike "Fumo" tu: namna ya kuipa mashua jina la shujaa

Kazi yangu ni kuandika majina kwenye vyombo pwani ya Bagamoyo, jirani na soko la samaki. Zamani yalikuwa Tawakal, Subira, Riziki. Nusu saa umemaliza. Siku hizi vijana wanakuja na simu, wananionesha shujaa wa Kigiriki, wanataka awe ubavuni. Naandika, lakini kabla sijachovya brashi tunakaa kwanza kivulini tukazungumza.

Kwanza tenga jina na cheo. Hapa niliumbuka. Mtu alitaka Fumo Liyongo, shujaa wetu wa tenzi, na kwa kuwa natoza kwa herufi, akasema andika Fumo, inatosha. Nikaandika kwa nyekundu, tena yenye kivuli. Mzee mmoja akapita, akasoma, akacheka hadi akakohoa: "Fumo yupi, mwanangu? Hicho cheo. Ni kama uandike Sultani, uishie hapo." Tulishinda na msasa siku nzima.

Pili, uliza maana, kwa kuwa majina mengine ni sentensi kamili. Herakles, shujaa wa Kigiriki, ni "utukufu wa Hera", na Hera huyo, mungu wao wa kike, ndiye aliyempelekea nyoka wawili angali mtoto mchanga! Yemoja, mungu wa kike wa Wayoruba, ni "mama ambaye watoto wake ni samaki". Mvuvi aliyelitaka alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kila alfajiri nitakuwa navua watoto wa mwenye jina?" Akaenda zake. Hata hivyo jina la mungu wa watu siliandiki mpaka mwenye chombo akamwulize shehe wake. Shujaa hana neno.

Ninayempenda ni Mwindo wa Wanyanga, mashariki ya Kongo. Lakabu yake ni Kabutwakenda. Isome polepole, Kibantu chenyewe kitakunong'oneza: hiyo "kenda" ni kwenda kwetu. Kadogo kalikozaliwa papo hapo kakatembea. Herufi 12, nami napata changu.

Tatu, chunguza alivyokuwa na bahari. Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, aitwaye Mtikisa-ardhi, ndiye aliyekivunja chelezo cha shujaa wao Odysseus. Odysseus naye, kwa ujanja wake wote, alipigana vita vya Troya miaka 10, akatangatanga mingine 10, akafika kwao peke yake, mabaharia wote wamekwisha. Nahodha, ukiandika hilo nani atapanda?

Mkishakubaliana, chora kwa chaki kabla ya rangi. Ubavu wa kushoto jina huanzia upande wa omo, yaani mbele ya chombo, halina shida. Ubavu wa kulia ndio huishia omo, ambako ubao unapinda na kupanda. Huko mimi naanza na herufi ya mwisho nikirudi kuelekea tezi, nyuma ya chombo, nisije nikaishiwa na nafasi Mwindo akabaki amezaliwa tu, hajatembea.