Mguu wa Kushoto Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mbio Zako za Kwanza za Flati Traki

Kama uko Marekani au Uingereza na umeanza kuulizia flati traki, zile mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la duaradufu, kona zote kushoto, usinunue chochote kabla hujasoma haya. Wewe uliyewahi kuendesha bodaboda kwenye barabara za vumbi ndiyo usome mara mbili. Uzoefu ule utakuondolea hofu ya tairi la nyuma kuteleza, lakini haujawahi kukufundisha kuingia kona bila breki ya mbele.

Ya kawaida nayataja haraka. Helmeti ya kufunika uso mzima, ambayo haijawahi kuanguka. Suti ya ngozi, glavu, kinga ya mgongo, buti refu. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye kifundo cha mkono, ukirushwa injini izime. Kanuni za siku hiyo zisome mwenyewe, usisimuliwe na rafiki. Pikipiki ya motokrosi inatosha: watu huishusha shokapu, huifunga magurudumu ya inchi 19 na kung'oa breki ya mbele. Cc 250 ni nguvu tele kwa mgeni. Tena anza na uwanja mfupi, wa robo maili au pungufu, yaani kama mita 400. Ule wa maili nzima ni wa watu waliokwisha kuiva.

Sasa kiatu cha chuma. Hapa nisikilize vizuri.

Ni soli ya chuma inayovaliwa juu ya buti la kushoto na kufungwa kwa mkanda, ili mguu uteleze juu ya udongo unapoutoa kwenye kona. Wageni wengi hununua ekzosi kwanza, kiatu wanaazima. Jumamosi moja nilikuwa kwenye uzio, kijana mwenzetu akaazima cha mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wake. Akajaza kitambaa kisiginoni, akazungushia tepu nyeusi, akarukaruka, kikakaa. Raundi za mwanzo za mazoezi zikaenda salama. Kisha lori la maji likapita, udongo ukalainika, kona ya pili ikaanza kuchimbika. Kufikia hapo tepu ilikuwa imesagika kwa chini na kiatu kimegeukia ndani. Ncha yake ikazama kwenye shimo. Pikipiki ikaendelea, mguu ukabaki nyuma. Hata hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini tu, akalishika goti kwa mikono miwili, hasemi neno. Kano zilikuwa zimekatika. Alifanyiwa upasuaji, akatembelea magongo kwa miezi, na kazi yake ya ghalani, ya kusimama zamu nzima, akaipoteza.

Kwa hiyo kiatu kitengenezwe kwa buti lako, lilelile utakalovaa siku ya mbio. Mafundi wengi wa kazi hii watataka uwapelekee buti lenyewe. Ncha na kingo ziwe zimepinda juu ili zisichimbe. Kaza mkanda, ning'iniza mguu, utikise kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, siku hiyo hushindani. Na ukishakivaa usitembeetembee kwenye zege, wapo walioumia kabla hata ya kuwasha injini.

Ukitazama video za Nicky Hayden, bingwa wa dunia wa MotoGP, mbio kuu za pikipiki za lami, mwaka 2006 aliyelelewa na mbio hizi za udongo, utadhani mguu wa kushoto ndio unaobeba pikipiki. Haubebi. Unautanguliza mbele, goti limekunjwa, soli inapapasa ardhi tu. Uzito wako uko kwenye kikanyagio cha kulia, viwiko juu, pikipiki umeilaza chini yako. Mguu ukirudi nyuma ya kikanyagio, goti linapinda upande ambao halikuumbiwa.

Udongo nao uangalie kila unapoingia. Pale penye weusi unaong'aa, mpira wa matairi umeshindilia njia na tairi linashika; nje ya hapo ni vumbi la kuelea. Lori la maji likitoka, waache wengine watangulie. Shika mstari wako, usikate ghafla, anayekupita atakukwepa mwenyewe. Ukitaka kutoka, inua mkono mapema. Bendera nyekundu ikipepea, punguza mwendo huku ukijua nyuma yako kuna mtu ambaye hajaiona.

Soma bima yako, kuna zinazokataa kulipa majeraha ya mashindano. Nenda na mtu anayeweza kuendesha gari la kurudi nyumbani, awe na namba za ndugu zako na orodha ya dawa unazotumia. Kula asubuhi. Kunywa maji kabla ya kiu, ndani ya ngozi kuna joto kali. Kagua cheni na spoku baada ya kila mchujo, siyo jioni. Na vidole vikianza kuchelewa kwenye klachi, rudi piti, pale pikipiki zinapoegeshwa, uvue kiatu, hata kama fainali bado.