SOMO: Namna ya kuhamisha santuri na kanda za Mbaraka Mwinshehe kwenda kwenye kompyuta (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, salaam. Kila mara kuna mtu ananifuata kwenye ujumbe na swali lile lile: "Nina santuri za marehemu mzee, nifanyeje zisipotee?" Nimechoka kuliandika jibu upya. Naliweka hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza huku.

Kwa wageni tu: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mwimbaji wetu aliyeitwa Soloist National, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa tarehe 12 Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kazi zake zimetufikia kwa njia tatu. Kuna santuri ndogo za 45 (yaani mizunguko 45 kwa dakika) zilizotoka Nairobi, maana sisi kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Kuna LP, zile santuri kubwa, za Ukumbusho zilizokusanywa baada ya kifo chake. Halafu kuna zile zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo wengi wetu tunazo kwenye kaseti tu, zimenaswa nyumbani kutoka redioni, na tangazo la vifo limekatiza katikati. Somo hili ni la santuri. Kaseti nimezigusa kwenye maswali.

Vifaa. Mashine ya santuri yenye sindano nzima, kipaza cha awali cha santuri (phono preamp, kinachokuza sauti dhaifu ya sindano), kadi ya sauti ya USB, kompyuta yenye programu ya Audacity (ni ya bure), na diski ya nje.

Hatua ya 1. Nawa mikono. Tafuta meza isiyotikisika.

Hatua ya 2. Piga picha lebo, pande zote mbili, kabla hujafanya kitu kingine chochote. Halafu elekeza mwanga kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Kuna herufi na namba zimechongwa pale. Ziandike. Lebo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo: ina jina la bendi, mtunzi na namba ya toleo. Mtandaoni nyimbo za Mbaraka zimejaa majina ya kubuni na bendi zilizochanganywa, na sababu ni moja tu, watu walihamisha sauti wakaiacha lebo.

Hatua ya 3. Safisha. Tumia maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, na soma chupa mara mbili kwa sababu vituo vya mafuta huyapanga rafu moja na asidi yenyewe. Tia tone moja la sabuni ya vyombo, chukua kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo isiguse maji. Suuza, simamisha ikauke kivulini.

Hatua ya 4. Kama tundu la katikati ni kubwa, weka kile kidude cha kujazia na hakikisha santuri haichezi. Ikicheza, gitaa litayumba kama mlevi na hakuna programu itakayolinyoosha vizuri.

Hatua ya 5. Waya za mashine ziingie kwenye kipaza cha awali, kipaza kiingie kwenye kadi ya sauti, kadi iingie kwenye kompyuta. Usichomeke kwenye tundu la maiki la laptopu. Sauti itatoka nyembamba, besi haipo, halafu utasema Mbaraka alirekodiwa vibaya.

Hatua ya 6. Pima ukubwa wa sauti pale tarumbeta na saksafoni zinapoingia kwa pamoja. Kilele kiishie kwenye -6 dB. Kikigusa sifuri, rudia.

Hatua ya 7. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, 96 kHz. Anza kabla sindano haijatua, malizia baada ya kuinuka. Dakika moja itakula takriban MB 35, kwa hiyo upande wa dakika nne ni kama MB 140. Ukiona ni nyingi, 48 kHz itakupa nusu yake na bado ni kazi safi. MP3 ni ya kusikilizia kwenye simu, haihifadhi kitu.

Hatua ya 8. KELELE. Hapa soma polepole. Kabla hujagusa kitufe chochote cha kusafisha sauti, hifadhi faili uliyorekodi, lipe jina linaloishia na neno GHAFI, linakili kwenye diski ya nje, kisha lifunge. Kazi yote ya kusafisha ifanyike kwenye nakala. Narudia: kwenye nakala. Ule mkwaruzo wa santuri na sauti ya maraka (manyanga) vinakaa sehemu moja ya juu kabisa, na programu haijui kipi ni vumbi na kipi ni mkono wa mpigaji. Ukiiambia ipunguze kelele, itapunguza vyote viwili. Kwanza utafurahi, maana kimya kimekuja. Ukirudi kusikiliza kesho yake utagundua maraka zimekufa, ule ncha wa solo pale kidole kinapoachia uzi umekatwa, na sauti ya mwimbaji ina maji maji. Kama ghafi ulishaifuta, na santuri ulishaichukua kuirudisha kwa mwenyewe huko Kilosa, umekwisha. Usiniulize nimejuaje.

Kwa hiyo: mipasuko mikubwa iondoe mmoja mmoja kwa mkono, ukivuta picha ya sauti mpaka uuone mstari wenyewe uliosimama. Kupunguza kelele kwa jumla, kama ni lazima, usizidishe 6 dB. Ukiwa na shaka, acha mkwaruzo. Hakuna aliyeacha kucheza zilipendwa kwa sababu ya mkwaruzo.

Hatua ya 9. Nyimbo nyingi za 45 zimekatwa mbili: sehemu ya kwanza upande A, hadithi inaimbwa, gitaa linaanza kuchemka, sauti inafifia, unageuza, sehemu ya pili ndiyo chemko lenyewe. Unaweza kuziunganisha kwa ajili ya kusikiliza. Lakini faili za pande mbili zibaki peke yake pia, kwa sababu ndivyo zilivyotoka na ndivyo watu walivyozisikia.

Hatua ya 10. Jina la faili: bendi, wimbo, upande, namba ya lebo, GHAFI au SAFI. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yako. Basi.

Na tafadhali, usiweke sauti ya kijana anayepiga kelele jina la DJ katikati ya solo. Tunahifadhi, hatutangazi harusi.

---

MASWALI

Mdau wa Tegeta: Mkuu naomba linki ya nyimbo zote za Mbaraka MP3.

*Jibu:* Soma kichwa cha uzi.

Mdau wa Tegeta: Nimesoma. Sasa linki iko wapi?

*Jibu:* Haipo. Hili ni somo la kuhamisha, siyo duka.

Mdau wa Kihonda: Kwa hiyo nyie mnaojua mnafungia nyimbo makabatini halafu mnatunyima? Huyu alikuwa mwanamuziki wa wananchi.

*Jibu:* Alikuwa wa wananchi, na alikuwa na familia pia. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hesabu mwenyewe: amefariki 1979, hivyo tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2029. Na rekodi yenyewe ina mwenyewe, mbali na mtunzi. Kuhamisha santuri yako isife ni jambo moja, kuipandisha mtandaoni uvune matangazo ni jambo lingine. Ukitaka kufanya hilo la pili, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize utaratibu. Mimi si polisi, lakini usiniite mchoyo.

Mdau wa Ifakara: Shikamoo mkuu. Santuri yangu lebo inasema Morogoro Jazz, lakini wimbo huo huo mtandaoni umeandikwa Super Volcano. Niamini ipi?

*Jibu:* Marahaba. Swali zuri hili, ndiyo sababu napiga kelele kuhusu lebo. Mbaraka alitoka bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Santuri yenye jina la Super Volcano haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Yenye jina la Morogoro Jazz inaelekea kuwa rekodi ya kabla ya kuondoka kwake, hata kama nakala uliyonayo ilichapwa baadaye. Kwa hiyo mtandaoni ama mtu amekisia, ama kuna rekodi mbili. Sikiliza zote mbili kwa kufuatana: mpangilio wa tarumbeta, waitikiaji, na mwendo wa besi. Zikilingana pumzi kwa pumzi, ni rekodi moja na huyo wa mtandaoni amekosea. Tuletee matokeo hapa.

Mdau wa Ifakara: Nimelinganisha. Ni rekodi moja, ila ya mtandaoni iko juu kidogo, karibu nusu toni. Au mashine yangu ni mbovu?

*Jibu:* Unaona sasa, hili halikuwemo kwenye somo na lilipaswa kuwemo. Mojawapo ya mashine hizo mbili inadanganya mwendo. Bandika kipande cha karatasi pembezoni mwa sahani ya mashine, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Inatakiwa 135. Ukipata 138 mashine inakimbia kwa zaidi ya asilimia mbili, na hapo wimbo unapanda zaidi ya theluthi ya nusu toni. Hesabu huku santuri ikicheza na sindano iko juu yake, kwa sababu mkanda uliolegea hukimbia ukiwa mtupu na huzembea ukipewa mzigo. Usijipime kwa kulinganisha na gitaa la nyumbani. Bendi za wakati ule zilifungana nyuzi zenyewe kwa zenyewe, hakuna aliyebeba mashine ya kupimia.

Mdau wa Mbezi: Nimesafisha kelele mpaka mwisho, sasa sauti kama yupo ndani ya pipa. Nifanyeje?

*Jibu:* Hatua ya 8.

Mdau wa Mbezi: Ghafi nilifuta, flashi ilijaa.

*Jibu:* Santuri unayo bado? Basi anza upya. Flashi nunua nyingine.

Mdau wa Dodoma: Baba alirekodi Radio Tanzania kwenye kaseti miaka ya sabini. Ana mbili, moja ina ukungu mweupe. Naogopa hata kuzigusa. Kuna namna?

*Jibu:* Pole na hongera, mama. Namna ipo, na usiharakishe, maana nyingine huenda hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Yenye ukungu usiichezeshe kabisa kwa sasa, iweke mbali na mwenzake. Ile nzima: ukiishika upande wa utepe uelekee chini, juu utaona vijimlango viwili vya plastiki pembeni. Vivunje vyote viwili kwa bisibisi ndogo. Vikiwepo, kidole kikiteleza kwenye kitufe chekundu, deki itarekodi juu ya sauti ya mwaka ule, na hapo hakuna kurudi. Kisha angalia ndani pale katikati kama kile kipamba kwenye kibati cha shaba bado kipo. Kikidondoka sauti hupotea na kurudi, kihamishe kutoka kaseti ya bei rahisi. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti, uache kikauke. Itembeze kaseti nzima mbele na nyuma mara moja kabla ya kuicheza, ili mikunjo iliyogandana iachiane. Mwisho, kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Izungushe kidogo sana huku unasikiliza, mpaka maraka zisikike wazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Hapo ndipo deki iliyorekodi ilipokuwa imekaa. Usikate matangazo ya mtangazaji. Mara nyingi yeye ndiye anayetaja jina la wimbo.

Mdau wa Muscat: Assalaam alaykum. Bibi katuachia sahani nzito za 78, taarabu ya zamani, nyingine wanasema ni za Siti binti Saad. Somo hili linafaa?

*Jibu:* Waalaykum salaam. Nusu yake. Kama kweli ni za Siti, aliyerekodi Bombay kuanzia 1928, hizo hazikutengenezwa kwa plastiki ya santuri zetu. Spiriti usiisogeze hata karibu, inaiyeyusha sahani. Maji kidogo tu, na kausha hapo hapo. Sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji ule, itaburuza chini kabisa kwenye uchafu, kwa hiyo tafuta sindano maalumu ya 78. Mashine kama haina mwendo wa 78, cheza kwa 45 kisha uongeze mwendo ndani ya Audacity, ina chaguo la hilo. Na zisilazwe zikabebana. Zikivunjika hazipindi kwanza kukuonya.

Mdau wa Msamvu: Mimi najifunza gitaa, sihitaji kuhifadhi. Naweza kupunguza mwendo wa solo bila sauti kushuka?

*Jibu:* Unaweza, badilisha tempo, siyo mwendo. Asilimia 60 inatosha. Halafu punguza besi kidogo ili umtenganishe mpiga rithimu, maana nusu ya kile unachodhani ni solo ni yeye. Na ukishaweza, hiyo nayo ni kuhifadhi, usijidharau.

Mdau wa Mwembe Tayari: Mimi nina 45 moja, upande A umechunika vibaya, upande B uko safi. Kwa hiyo nina chemko bila hadithi.

*Jibu:* Nisomee namba iliyochongwa karibu na lebo. Kama nina nakala yenye A nzima, tutaunganisha, na wewe unitumie B yako, yangu imechoka.

Mdau wa Mwembe Tayari: Naona nusu tu, nyingine haisomeki.

*Jibu:* Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni karibu iguse sahani, kisha zungusha taratibu kwa kidole.