Kununua hisa za kampuni ya huduma za kinywa inayoyumba, ukitegemea inunuliwe

Kampuni ya Marekani ya dawa ya meno au miswaki ya umeme ikianza kuyumba, sokoni huvuma kwamba Colgate-Palmolive, Procter & Gamble au Church & Dwight wataichukua. Uvumi huo una msingi. Church & Dwight ilinunua Water Pik mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 1, na TheraBreath mwishoni mwa 2021 kwa dola milioni 580. Colgate ilitoa dola milioni 351 kwa Hello Products mwaka 2020. Lakini chapa hizo tatu zilikuwa zinakua. Inayozama hailipiwi hivyo, na mnunuzi mwenye subira anaweza kungoja mahakama ya ufilisi, achukue jina na hataza, mwenye hisa asipate hata senti. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani atanunua, uliza nani atalipwa kabla yako.

Anza na madeni. Fungua EDGAR, hifadhi ya bure ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani (SEC), uchukue fomu 10-K ya mwaka na 10-Q ya robo mwaka. Ruka barua ya mwenyekiti, nenda kwenye maelezo ya deni nyuma ya hesabu. Andika kila mkopo: kiasi, tarehe ya kuiva, dhamana, na kiwango cha chini cha fedha taslimu ambacho benki inataka kibaki. Kampuni yenye dola milioni 30 inayounguza milioni 6 kila robo inaonekana ina robo tano za kupumua. Benki ikidai milioni 12 zisiguswe, zimebaki tatu. Ukiona wakaguzi wameandika wana shaka kubwa kama kampuni itaendelea na biashara, jua wanunuzi nao wameisoma sentensi hiyo, na haraka hawana tena.

Kisha piga hesabu kutoka juu kwenda chini. Chukua kampuni ya mfano: mauzo milioni 200 kwa mwaka, deni milioni 180, taslimu milioni 30, gharama za mawakili na washauri milioni 10, hisa milioni 40 (hesabu na zile walizoahidiwa wafanyakazi). Mnunuzi akilipa mara 1.5 ya mauzo, ni milioni 300. Ongeza taslimu, toa deni na gharama: zinabaki 140, yaani dola 3.50 kwa hisa. Akilipa mara 0.8, ni milioni 160, na mwenye hisa anabaki na sifuri kamili. Hapo ndipo watu wengi huumia: bei ya kampuni inashuka karibu nusu, hisa inafutika yote.

Mauzo yenyewe yachuje. Dawa ya meno ina tarehe ya kuisha, hivyo shehena kubwa ghalani si mali ya thamani iliyoandikwa. Mteja anayefikia asilimia 10 ya mauzo lazima aonyeshwe kwenye 10-K, hata kama si kwa jina. Ikiwa ni duka moja kubwa linaloshika theluthi, duka hilo likiondoa chapa rafuni hakuna cha kununua. Kinachovutia ni vichwa vya mswaki vinavyonunuliwa upya kila baada ya miezi mitatu. Vifaa vya kunyoosha meno kwa posta, kwa upande mwingine, vimewatia hofu wanunuzi: Dentsply Sirona ililipa takriban dola bilioni 1 kwa Byte, muuzaji wa vifaa hivyo, na Oktoba 2024 ikasimamisha kuviuza.

SmileDirectClub ya Nashville, nayo ya kunyoosha meno kwa posta, ni somo zima. Iliingia sokoni Septemba 2019 kwa dola 23 kwa hisa. Februari 2021 ikakopa dola milioni 747.5 kwa hati fungani zinazoweza kugeuzwa hisa. Septemba 2023 ikaomba kinga ya ufilisi, Desemba ikafunga. Waanzilishi walikuwa na hisa zenye kura 10 kila moja, kwa hiyo hakuna mgeni aliyeweza kulazimisha mauzo wakati bado kulikuwa na cha kuuza. Daraja za kura zimeelezwa kwenye taarifa ya mkutano wa mwaka, fomu DEF 14A. Zisome kabla ya kuweka hata dola.

Angalia pia kama mnunuzi unayemwota ataruhusiwa. P&G ilipoichukua Gillette, mwenye Oral-B, mwaka 2005, wasimamizi wa ushindani waliidai iuze mswaki wake wa Spinbrush, ukaenda kwa Church & Dwight.

Kuna jambo ambalo wenye hisa husahau. Hati fungani zinazoweza kugeuzwa hisa, kama zile za SmileDirectClub, kwa kawaida humpa mwenye nazo haki ya kudai thamani kamili kampuni ikibadilisha mmiliki. Zikiwa zinauzwa senti 40 kwa kila dola, mnunuzi bado atazilipa dola nzima. Kama unaamini kweli kampuni itanunuliwa, na dalali wako anaziuza, mara nyingi hizo ndizo za kununua. Na ikifilisika, ziko mbele ya hisa kwenye foleni.

Ukibaki na hisa, pima bei. Tuseme inauzwa 1.60, zabuni ya kuinunua kampuni ingeleta 3.50, na ikishindikana inabaki 0.10. Ili usipate hasara kwa wastani, uwezekano wa kununuliwa lazima uzidi asilimia 44. Kwa kampuni iliyobakiza fedha za miezi tisa, hilo ni dai zito. Weka kiasi ambacho kikipotea chote hakitabadilisha mpango wako, na usiongeze kwa sababu tu bei imeshuka.

Baada ya hapo fuatilia fomu 13D, inayoonyesha aliyevuka asilimia 5 kwa nia ya kushawishi uongozi, na 8-K, inayotangaza mikopo mipya na kujiuzulu kwa wakurugenzi. Hisa mpya zikitolewa, rudia hesabu siku hiyohiyo. Zabuni ikitangazwa kwa 3.50 na hisa ikapanda hadi 3.35, uza: senti 15 zilizobaki ni malipo ya kubeba hatari kwamba dili litavunjika, na likivunjika bei inaweza kurudi chini ya ulikonunulia.